Girisi Haijawahi Kuosha Mtutu

Kuna kauli inayopita mdomo kwa mdomo miongoni mwa wapenzi wa bunduki za kale, na imezoeleka kiasi kwamba hakuna anayeiuliza imetoka wapi. Inasema hivi: baruti nyeusi ni chafu, na dawa ya uchafu wake ni girisi. Mtutu ukikaba, ongeza girisi. Risasi ikienda kombo, badilisha girisi. Girisi mpya nayo ikishindwa, basi kosa ni lako, hukuchanganya nta na mafuta kwa kipimo chake. Rudi jikoni ukapike nyingine. Utaisikia Marekani kwa walengaji wanaotumia bunduki za enzi ya kuwinda nyati wa mbugani, utaisikia Uingereza kwa wanaoenzi Martini-Henry, na utaisikia hata huku kwetu kwa mtu aliyerithi gobore pamoja na imani kwamba kopo la mafuta ya mashine ndilo utunzaji wenyewe.

Niieleze kauli hiyo jinsi watetezi wake wangependa ielezwe. Baruti nyeusi ikiungua haigeuki yote kuwa gesi. Mabaki yake hujipaka ndani ya mtutu, na nitayaita ukoko kwa sababu yanang'ang'ania chuma kama ukoko wa wali unavyong'ang'ania sufuria. Risasi inayofuata hulazimika kupita juu ya ukoko huo. Ikiwa ni risasi iliyofungwa karatasi, yaani risasi laini isiyo na mifereji ubavuni, iliyoviringishiwa mizunguko miwili ya karatasi nyembamba, basi karatasi hiyo huchanika mapema, madini ya risasi yakagusana na chuma, na shabaha ikapotea. Girisi, wanasema, huufanya ukoko uwe laini, ukasukumwa nje na risasi inayokuja. Ushahidi wao si haba. Ganda la Martini-Henry, bunduki ya jeshi la Uingereza tangu 1871, lilibeba diski ya nta ya nyuki nyuma ya risasi. Ganda la Mauser ya Kijerumani ya mwaka huohuo lilikuwa na nta pia. Na mlengaji wa leo anayetazama mdomo wa mtutu wake baada ya kufyatua, akaona girisi imejichora pale mithili ya nyota, huenda nyumbani na roho safi.

Hoja hiyo ina kichwa na ina miguu. Kilichokosekana ni kiwiliwili.

1. Ukoko ni chumvi

Tuanze na kitu chenyewe. Mwaka 1875 Waingereza wawili, Andrew Noble na Frederick Abel, walichapisha utafiti wao mkubwa kuhusu kinachotokea baruti inapoungua ndani ya chombo kilichofungwa. Walikuta kwamba zaidi ya nusu ya uzito wa baruti haigeuki gesi hata kidogo. Hubaki kuwa vitu yabisi. Na vitu hivyo si masizi ya chungu, kama wengi wanavyodhani kwa kuangalia weusi wake. Sehemu kubwa ni chumvi za potasiamu zilizotokana na shura: kaboneti, salfeti na salfaidi. Mkaa usioungua umo, lakini ni mgeni mwalikwa tu.

Sasa nauliza swali ambalo mtoto wa darasa la sita angelijibu. Chumvi huyeyuka kwenye nini? Maji. Si nta, si shahamu ya ng'ombe, si mafuta ya mizeituni, si ile dawa ya siri iliyopikwa na jirani. Tia kipande cha ukoko kwenye mafuta ukiache wiki nzima. Utakikuta kipande kilekile cha ukoko, ila sasa kina mafuta. Tia kingine kwenye maji ya uvuguvugu, kitalegea na kumong'onyoka ukikiangalia, na harufu ya mayai viza itakuambia kwamba salfaidi imeshaanza kazi na maji.

Watetezi wa girisi watanikatiza hapa: hatukusema girisi inayeyusha, tulisema inalainisha. Haya, tulifuate neno lao. Kaboneti ya potasiamu ina tabia ya kuvuta unyevu kutoka hewani. Unyevu wa hewa ukipita takriban asilimia 43, chumvi hii huanza kunywa maji yenyewe hadi ikalowa. Chini ya hapo hukauka na kushika. Ndiyo maana mtu anayefyatua karibu na bahari asubuhi ya masika huona ukoko wake ni tope jepesi linalofutika kwa kidole, na mtu yuleyule akihamia mahali pakavu kama Dodoma mwezi wa Septemba, kwa bunduki ileile na girisi ileile, huona ukoko umegeuka tofali. Girisi haikubadilika. Hewa ndiyo iliyobadilika, na chuma kimechemka kikafukuza hata ule unyevu kidogo uliokuwepo.

Na angalia watu hawa wanavyojipinga wenyewe bila kujua. Wana girisi ya kiangazi na girisi ya masika. Wana girisi ya jua la saa nane na girisi ya asubuhi. Wana girisi ya mtutu mrefu, kwa sababu ile ya mtutu mfupi hukauka kabla ya kufika mwisho. Kila mara hali ya hewa inapogeuka wanabadilisha mapishi, halafu wanayapa mapishi sifa zote. Dawa inayolazimika kubadilishwa kila upepo unapobadilika ni dawa inayokiri kwamba mwenye kazi ni upepo.

Kinaya kikubwa zaidi kiko Raton, jimbo la New Mexico, kwenye uwanja wa Whittington Center ambako Wamarekani hushindana kulenga sanamu za chuma za wanyama kwa bunduki za baruti nyeusi. Hewa ya pale ni kavu kwelikweli. Mlengaji akishafyatua, hufungua chemba, huingiza mrija, hupuliza pumzi yake polepole ndani ya mtutu mara kadhaa, kisha hupakia tena. Ndani ya pumzi ile hamna nta wala shahamu. Kuna mvuke wa maji. Mtu huyu amelipia kopo la girisi lenye jina la kifahari, amelisifu kwa wenzake mpaka jioni, halafu uwanjani, pale pointi zinapohesabiwa, anautegemea mvuke wa mapafu yake ambao hakuununua popote.

2. Karatasi ilibuniwa ili girisi isihitajike pale

Risasi iliyofungwa karatasi si ya kawaida, na ndipo kauli ya girisi inapochekesha zaidi. Risasi ya kawaida ya baruti nyeusi ina mifereji ubavuni, na mifereji hiyo hujazwa girisi kwa sababu madini ya risasi yanagusana na chuma moja kwa moja. Hapo sina ugomvi na mtu. Risasi ya karatasi, kinyume chake, ni laini kama yai. Haina mahali pa kuweka girisi kwa sababu aliyeibuni hakukusudia ibebe girisi. Kinachokutana na chuma ni karatasi.

Tazama inavyofungwa. Kipande cha karatasi ya pamba, chembamba kiasi cha kuona maandishi kupitia upande wa pili, hukatwa kwa umbo la msambamba ili ncha zake zikutane bila kupandana. Hulowekwa maji, huviringishwa mara mbili kuzunguka risasi, na mkia wake hukunjwa au husokotwa chini ya kitako cha risasi. Ikikauka, karatasi husinyaa na kubana kama ngozi ya ngoma. Nyongeza yote kwenye kipenyo ni kama sehemu sita hadi nane kati ya elfu za inchi. Baruti ikilipuka, kitako cha risasi hupanuka, karatasi hubanwa kwenye matuta ya mtutu na kukatwa vipande virefu, na risasi ikitoka tu mdomoni karatasi hupasuka na kutawanyika. Mwenye kujua kazi yake huenda mbele ya bunduki akaokota vile vipande chini. Vikiwa vyembamba, vikavu, vyenye kingo zilizokatwa sawasawa, mambo yako shwari. Ukiokota kikombe kizima cha karatasi, kimelowa mafuta na bado kina umbo la kitako cha risasi, basi umeshapata jibu la kwa nini risasi yako ilitua kwenye majani badala ya shabaha: nguo haikuvuliwa kwa wakati.

Ukiiloweka karatasi hiyo girisi nyingi unapata nini? Unaipa sababu ya kushikamana na risasi pale inapotakiwa kuachana nayo. Isitoshe, mafuta yana miguu. Kwenye joto hutembea, na yanakotembea ni nyuma, kwenye baruti. Baruti iliyoingiwa na mafuta huungua ovyo, mara nguvu, mara dhaifu, na mlengaji wa yadi elfu moja hana adui mkubwa kuliko nguvu inayobadilikabadilika.

Sasa rudi kwenye ile diski ya nta ya Martini-Henry inayotajwa kama ushahidi, na angalia jinsi ilivyowekwa. Ilifungiwa kati ya vipande vya kadi ngumu: kadi nyuma yake kuilinda baruti, kadi mbele yake kuilinda risasi. Wajerumani walifanya vivyo hivyo. Hivi ndivyo anavyofanya mtu anayeiamini girisi? Kitu unachokiamini hukizungushii ukuta pande mbili. Wahandisi wale waliichukulia nta kama mfungwa mwenye kazi moja, kupaka chuma nyuma ya risasi iliyokwisha kupita, na wakahakikisha hatoki kwenye chumba chake. Wenzetu wa leo wamemfungulia mfungwa, wakampa funguo za nyumba nzima.

Na ile nyota kwenye mdomo wa mtutu? Inathibitisha kwamba girisi imefika mdomoni. Basi. Haisemi lolote kuhusu inchi sita za kwanza mbele ya chemba, ambako joto ni kali zaidi, ukoko ni mgumu zaidi, na ndiko karatasi inakoingilia.

3. Bei ya shahamu

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu wapenda girisi huizungumza kana kwamba ni kitu cha bure.

Bunduki ya Enfield ya 1853 ilishindiliwa kutoka mdomoni. Risasi yake haikuwa na mifereji ya girisi. Iliingia mtutuni ikiwa bado imevaa karatasi ya kifurushi chake, na sehemu hiyo ya karatasi ilichovywa kwenye mchanganyiko wa shahamu na nta. Ilikuwa, kwa maneno mengine, risasi iliyofungwa karatasi na kupakwa mafuta, ndoto ya kila mfuasi wa kauli ninayoipinga. Utaratibu wa kupakia ulimtaka askari ararue ncha ya kifurushi kwa meno, amimine baruti, kisha aingize risasi.

Januari 1857, huko Dum Dum karibu na Calcutta, askari wa Kihindi wa Kampuni ya Mashariki ya India walianza kuambiana kwamba shahamu ile ni ya ng'ombe na nguruwe. Mhindu alikatazwa na dini yake, Mwislamu vilevile. Wakubwa wa ghala la silaha hawakuwa wamehakikisha imetoka kwa mnyama gani, kwa hiyo hawakuwa na jibu la kumridhisha mtu. Haraka haraka waliruhusu askari wapake mafuta yao wenyewe. Lakini shaka ikishaingia haitoki kwa agizo: wakaanza kuishuku hata karatasi, kwa sababu ilikuwa inang'aa kama iliyopakwa mafuta. Tarehe 29 Machi, Mangal Pandey aliwashambulia maofisa wake huko Barrackpore. Tarehe 24 Aprili huko Meerut, askari wapanda farasi 85 kati ya 90 waliopangwa gwaride walikataa kuvishika vifurushi, na vifurushi vyenyewe vilikuwa vya aina ya zamani waliyokuwa wakiitumia siku zote. Tarehe 10 Mei moto ukawaka, na mwaka uliofuata Kampuni ilinyang'anywa utawala wa India.

Najua kuna wanaosema yote yale yalikuwa ushirikina tu wa askari. Wengine wanasema, na hawa wana haki zaidi, kwamba uasi ulikuwa na mizizi mingi: kumezwa kwa ufalme wa Awadh mwaka 1856, mishahara, kiburi cha maofisa, masharti mapya ya kuandikishwa jeshini. Sibishani nao. Ninachouliza ni swali la mtu wa karakana: je, shahamu ile ilikuwa ya lazima?

Jibu lilitoka ndani ya maghala yenyewe ya jeshi. Shahamu ikikaa muda mrefu huchacha, na asidi zake hula madini ya risasi. Juu ya risasi hujitokeza utando mweupe mgumu, na kipenyo kinaongezeka. Risasi ya inchi 0.568 kwenye mtutu wa inchi 0.577 haina nafasi ya kunenepa. Kwa hiyo kitu kilichopakwa ili risasi iteremke kwa urahisi ndicho kilichoifanya ikwame, na askari akabaki akipigana na mdeki wake wakati adui anakuja. Hatimaye mapishi yaligeuzwa: kutoka shahamu nyingi na nta kidogo, ikawa nta nyingi na shahamu kidogo. Na kipenyo cha risasi kikapunguzwa hadi inchi 0.550, ili iingie hata mtutu ukiwa na ukoko.

Soma sentensi hiyo ya mwisho tena, kwa sababu ndani yake kuna ungamo la jeshi zima. Walipotaka risasi iingie kwenye mtutu mchafu, hawakuongeza girisi. Walipunguza risasi.

Nta ya nyuki haichachi. Haili madini. Dini za askari wale hazikuikataza. Ilikuwepo tangu mwanzo, ndani ya mchanganyiko uleule, ikipewa nafasi ndogo kwa sababu mtu fulani ofisini aliamini kwamba mafuta yakiwa mengi na laini zaidi ndiyo bora zaidi. Imani hiyo haijafa. Leo imevaa jina la kopo jingine.

4. Waliopiga vizuri walikuwa na kitambaa mkononi

Tarehe 26 Septemba 1874, kwenye uwanja wa Creedmoor huko Long Island, timu ya Ireland ilikutana na timu ya Marekani kwa yadi 800, 900 na 1,000. Waireland walikuja na bunduki za Rigby za kushindilia mdomoni. Wamarekani walikuwa na Sharps na Remington za kupakia nyuma. Matokeo: Marekani 934, Ireland 931, kati ya pointi 1,080 zilizowezekana. (Mmoja wa Waireland, J. K. Milner, alipiga katikati kabisa ya shabaha isiyo yake kwenye yadi 900. Pointi zile nne zingehesabiwa, historia ya viwanda vya bunduki vya Marekani ingesomeka vingine.)

Mjadala wa siku hizo ulikuwa kama bunduki ya kupakia nyuma inaweza kulingana na ile ya mdomoni. Wa mdomoni walijivunia kwamba kila wanaposhindilia risasi wanasukuma ukoko chini. Wa nyuma walijivunia kwamba wanaweza kupitisha kitambaa chenye unyevu kutoka chemba hadi mdomoni kabla ya kila risasi, na mtutu ukarudi kuwa uleule. Angalia wanachokubaliana mahasimu hawa wawili: kila risasi ikute mtutu wenye hali moja. Walizozana juu ya njia ya kuuondoa ukoko. Kwamba uondoke, hilo halikuwa na mpinzani.

Nasi tumekuja karne na nusu baadaye, tumenakili bunduki zao, tumenakili risasi zao na unene wa karatasi yao hadi sehemu ya elfu ya inchi, halafu kitu kimoja kilichofanya vyote hivyo vifanye kazi, kitambaa chenye maji, tumekiona ni usumbufu. Kinachukua nusu dakika. Afadhali tupike.

5. Tanga, na moshi usiopakwa mafuta

Novemba 1914 Waingereza walileta jeshi kutoka India kuuchukua mji wa Tanga wakashindwa vibaya. Askari wengi wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani walioutetea mji, walikuwa bado wanabeba Mauser za 1871, bunduki za baruti nyeusi zenye risasi ya karatasi na nta ileile iliyofungiwa kwenye kadi, miaka zaidi ya 40 baada ya kubuniwa. Kila walipofyatua, wingu jeupe liliwatangaza walipo, na ushindi wao wenyewe ndio uliowapa bunduki mpya walizoziteka.

Wingu lile lilikuwa chumvi zilezile. Sehemu moja ilibaki mtutuni ikaitwa ukoko. Nyingine ilitoka nje ikaitwa moshi. Anayedhani tatizo la baruti nyeusi ni upungufu wa girisi aniambie angeupaka vipi moshi.

6. Kutu chini ya mng'ao

Gharama hii inalipwa kimyakimya na kila familia yenye bunduki ya kale ukutani. Mwenye nayo hufyatua, hapitishi maji kwa kuogopa kwamba maji na chuma haviivani, humimina mafuta, hufuta nje mpaka inang'aa, na kuitundika. Ndani, chumvi imelala chini ya blanketi la mafuta. Ikiwa ni bunduki ya fataki za zamani, kuna pia kloridi ya potasiamu iliyoachwa na fataki, ndugu wa karibu wa chumvi ya mezani. Chumvi hizo zimeshakunywa unyevu wao kabla mafuta hayajafika, na sasa mafuta yamezifunika zifanye kazi kwa utulivu. Mwambao wa pwani, miezi michache inatosha. Akija kuchungulia mtutuni ataona vishimo, na atasema mafuta hayakuwa mazuri.

Maji ya moto kwanza, mpaka kitambaa kitoke cheupe. Kausha. Mafuta baadaye, kiasi kidogo, juu ya chuma safi. Huo ndio mpangilio, na haujawahi kuwa siri. Mafuta ya mashine yakitangulia, tena yakikutana na ukoko wa moto, hutengeneza kitu cheusi chenye kunata kama lami, ambacho sasa hata maji yanapata taabu kukifikia.

7. "Lakini askari hakuwa na muda wa kufuta"

Hii ndiyo hoja yao iliyo bora, nimeiacha mwisho kwa makusudi. Vitani huwezi kusimama baada ya kila risasi ukapitisha kitambaa. Kwa hiyo, wanasema, girisi ilikuwa jawabu la jeshi.

Wanapenda kutaja Sudan. Huko Abu Klea, Januari 1885, bunduki za Martini-Henry zilikwama mikononi mwa Waingereza wakati adui amewafikia. Uchafu wa baruti, wanasema, na girisi haikutosha. Ukweli ni kwamba lawama kubwa ilikuwa ya ganda. Lilitengenezwa kwa bati jembamba la shaba lililoviringishwa. Kwenye chemba ya moto lilivimba, likang'ang'ania, likachanika, na mchanga ukamalizia. Marekebisho yaliyofuata yalikuwa ganda imara la shaba ya kipande kimoja na wenzo mrefu zaidi wa kulitolea. Sijaona mahali ambapo walirekebisha kwa kubadili nta.

Na je, majeshi yaliujibu vipi ukoko wenyewe? Enfield, tumeona, walipunguza risasi. William Ellis Metford, mhandisi aliyeielewa baruti nyeusi kuliko wengi wa zama zake, aliibadilisha sura ya ndani ya mtutu: mifereji yenye kina kidogo sana na kingo za mviringo, pasipo pembe za ukoko kujificha, pamoja na risasi ngumu zaidi yenye karatasi nyembamba iliyopita na kusomba mabaki ya mwenzake aliyetangulia. Muundo huo uliingia kwenye Lee-Metford ya 1888. Wakati huo Ufaransa ilikuwa imeshapita: baruti isiyo na moshi ya Paul Vieille ya 1884 ilikuwa ndani ya bunduki ya Lebel tangu 1886. Uingereza ilipoleta kodaiti, baruti yake isiyo na moshi, muda mfupi baadaye, joto lake liliila ile mifereji mizuri ya Metford upesi mno, na kufikia 1895 ilibidi ibuniwe nyingine pale Enfield.

Majeshi yalijaribu risasi ndogo, mtutu wa sura mpya, risasi ngumu, na mwishowe yakaitupa baruti nyeusi yenyewe. Miaka 40 ya fedha za serikali na vichwa vya wahandisi, na hakuna hata jeshi moja lililosimama likasema tumepata girisi inayotosha.

Kwa hiyo anayeshikilia bado kwamba ninaionea girisi, tusimalizie kwa maneno. Achague siku kavu ya jua kali. Achukue bunduki moja, risasi za karatasi zilizotoka kwenye kalibu moja, baruti ya kopo moja. Apige kumi kwa girisi anayoiamini kuliko zote, bila kitambaa na bila kupuliza. Aoshe mtutu. Kisha apige kumi nyingine na diski ya nta ya kawaida nyuma ya risasi, akipitisha kitambaa chenye unyevu na kingine kikavu kabla ya kila moja. Alete shabaha zote mbili pamoja na vipande vya karatasi alivyookota mbele ya mtutu. Rula nitakuja nayo mimi.